Dada wa Pasi

Dada wa pasi hakohoi ovyo. Kifua kikimbana, huweka pasi kando, akapangusa viganja vilivyobabuka kwa dawa ya madoa, akaenda kuwasha mashine ya kukamulia mashuka. Ikishanguruma ndipo anapoiinamia kama anayetafuta ilipoharibika, mabega yakimruka. Ikizima, yuko mezani kwake, ananyoosha foronya za hoteli na kututania kwamba shuka hizi zinalala pazuri kuliko sisi. Yeye analala kwa zamu, kitanda kimoja na mwenzake wa usiku, katika chumba kisicho na dirisha. Hospitalini wanakuuliza karatasi kabla ya kukuuliza unaumwa wapi, na karatasi zetu sisi tuliotoka nchi nyingine anazo msimamizi, ambaye hana haja na mgonjwa.

Juzi umeme ulikatika ghafla. Mashine ikanyamaza, kikohozi chake kikabaki peke yake katika chumba cha kufulia. Halafu kikasikika kingine kwenye mabeseni, kingine karibu na mlango, na changu. Msimamizi akachungulia.

“Nani anakohoa humu?”

Dada wa pasi akajifuta mdomo, akaipiga mashine kofi dogo la ubavuni.

“Ni huyu mzee, bosi. Hata akizimwa haachi.”

Msimamizi aliitazama mashine, akatutazama sisi, akafunga mlango. Umeme uliporudi, hakuna aliyegusa shuka. Tulisimama tumeziba midomo, tukimsubiri dada abonyeze kitufe.