Sauti ya Betri Zilizochoka

Mimi napiga gitaa la besi. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani bibi huyu anataka kusimulia habari za kwaya. Kwaya niliimba pia, kanisani kwetu Ushirombo, lakini kwaya kila mtu ameimba. Besi ni jambo jingine. Ukipiga besi hakuna anayekutazama. Watu wanamtazama mwimbaji, halafu mpiga solo, halafu ngoma, halafu keki. Ila ukiacha kupiga tu, wote wanageuka kukuuliza kuna nini.

Shule niliishia darasa la nne, kule kwetu Kishapu karibu na Mhunze, kabla sijaolewa Ushirombo, kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Anayetaka Kiswahili cha kanzu akatafute kwingine.

Gitaa lilikuwa la mume wangu, Mungu amrehemu. Alilipata Nyarugusu kwa mwenye baa mmoja aliyekuwa anafunga baa yake baada ya wachimbaji kuhama. Wale wakisikia dhahabu imeonekana kwingine, asubuhi unakuta mji umebaki na mbwa na vibanda. Akaja nalo limefungwa kwenye baiskeli kwa mpira. Sasa, mume wangu alikuwa na mikono mikubwa na subira ndogo. Haukupita muda akalitundika ukutani, akasema, "Lina nyuzi nne tu na bado limenishinda. Chukua wewe."

Nikachukua. Watu walisema, wakachoka. Mwanamke na gitaa, tena mke wa mtu. Niliwajibu kwamba jembe nalishika kila siku na sijasikia mtu akisema kitu.

Bendi yetu ilikuwa ya kukopi. Hatukutunga hata wimbo mmoja, na hatukuona aibu. Mpiga solo alikuwa fundi baiskeli, wa ngoma alikuwa muuza nyama, na wote tulikuwa na mashamba. Jumamosi tukipata mwaliko tulivaa vizuri tukaenda: harusi, kipaimara, kumuaga bibi harusi, mara nyingine uwanja wa mnada watu wakishauza ng'ombe. Tulipiga nyimbo za bendi kubwa za Dar es Salaam jinsi tulivyozisikia.

Na mwimbaji alikuwa shoga yangu. Ndiye ninayemwandikia haya, ingawa sidhani kama atayasoma, maana yeye na miwani hawapatani.

Alikuwa Mwislamu, mtoto wa mjini. Baba yake alifika zamani na duka la nguo akitokea Ujiji huko. Mimi Msukuma wa Kishapu, mchana kutwa shambani. Yeye mguu umepakwa hina, sokoni anauza vitenge. Hatukuwa na sababu ya kupatana. Lakini siku ya kwanza alipokuja mazoezini alisikiliza, akaniambia mbele ya wanaume wote, "Hawa wengine wanapiga kelele. Wewe ndiye unayenionyesha pa kukanyaga." Tangu hapo tukawa tunakwenda pamoja kama ndala.

Nieleze tulivyofanya mazoezi. Nyumbani kwangu umeme ulikuwa haujafika, na jenereta tuliliwasha siku ya kazi tu. Gitaa la besi bila umeme ni kama mtu anayenong'ona ndani ya blanketi. Husikii kitu. Ila mimi niligundua kwamba ukikigandamiza kichwa cha gitaa kwenye mbao kavu, ile mbao inanguruma. Nilikuwa na kasha la nguo, la mninga, nililokuja nalo wakati wa ndoa. Nikagandamiza kichwa cha gitaa pale, shoga yangu akakaa juu ya kasha. Sauti ikampanda.

"Bebe Msukuma," ananiambia. Hilo "bebe," yaani wewe, alilichukua kwetu ili anicheke nalo. "Hebu gandamiza vizuri, sisikii."

"Tulia kitako utasikia. Unahangaika kama una vipele."

"Haya, naisikia sasa. Ipo kwenye nyonga."

"Sasa imba na nyonga hizo hizo."

Wanaume wanacheka mpaka fundi baiskeli anaweka gitaa chini.

Hakuwa mtu wa kuingia kwenye wimbo kwa kuhesabiwa. Mwimbaji mwingine ukimpa ishara anaingia. Yeye aliingia akijisikia. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuzunguka. Ule mwanzo wa wimbo naurudia, naurudia, napita palepale, mpaka aingie. Siku nyingine anaingia mapema. Siku nyingine nazunguka mpaka bwana harusi ameanza kutokwa jasho. Sikuwahi kumharakisha. Nilijua tu kwamba atakuja, na alikuja.

Nyimbo tulijifunza kwenye kaseti. Redio yangu ilikula betri kubwa, na betri zikiisha tulizianika juani juu ya bati, zikapata nguvu kidogo, tukazirudisha. Hatukujua kwamba betri dhaifu zinaivuta kaseti polepole na sauti inashuka. Sisi tulijua ndivyo nyimbo zilivyo. Tukalegeza nyuzi kufuata redio yetu, tukapiga chini, polepole, na shoga yangu akaimba huko chini kwa sauti nzito kama uji wa ulezi. Ushirombo yote, Bukombe yote, wakacheza hivyo.

Siku moja mume wangu akaleta betri mpya. Tukaziweka. Kaseti ikaanza kukimbia, mwanamume aliyekuwa anaimba akawa kama kijana anayefukuzwa na nyuki. Tukatazamana.

"Zimeharibu kaseti," akasema muuza nyama.

"Betri hizi zina moto mkali mno," akasema fundi baiskeli. Akazitoa, akarudisha zile za zamani, wimbo ukarudi kuwa wimbo. Zile mpya tukaziweka kwenye tochi.

Mnacheka. Hata Geita mjini walicheka tulipokwenda kupiga huko. Mchimbaji mmoja, vumbi la duara, lile shimo la dhahabu, bado liko masikioni, akapaza sauti, "Nyie mmeshiba ugali wa wapi? Mbona wimbo umelala?" Shoga yangu akaichukua maiki akamjibu, "Umelala kwa sababu unakungoja wewe uoge." Ukumbi ukavunjika kwa vicheko. Halafu nikazunguka, nikazunguka, akaingia. Yule mchimbaji alikuwa wa kwanza kusimama kucheza, na alicheza macho yamefungwa.

Miaka ikaenda. Mume wake akafariki, binti yake aliyeolewa Chato akamwita, akafunga vitenge vyake akaondoka. Sikulia stendi. Nilimwambia avae sweta, upepo wa ziwani una baridi. Basi likaondoka nikarudi kupalilia pamba.

Hapo ndipo nilipojua kuwa mtu wa besi anaweza kuwa na bendi na akawa peke yake. Waimbaji walikuja wengine. Wazuri, siwasemi vibaya. Lakini wote waliingia wanapoonyeshwa. Sikuwa na wa kumzungukia. Jioni nikisikia mbao yoyote inalia, hata mlango, nageuza kichwa.

Bendi sasa inaongozwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi anayepiga kinanda. Kijana mzuri, ana adabu, akinikuta hata njiani ananishikia mfuko na kuniamkia. Yeye alituletea nyimbo zile zile kwenye simu, akatuonyesha tulivyokosea.

"Bibi, shikamoo. Orijino iko juu, sikiliza."

"Marahaba. Nasikia."

"Sasa tukaze, tupige kama wenyewe."

Tukakaza. Nilikaza mimi mwenyewe, kwa vidole hivi. Alikuwa na haki, wimbo ulikuwa juu.

Halafu ukaja mwaliko wa harusi Chato.

Sikumwambia mtu kitu. Nilimpigia shoga yangu simu. Anakaanga samaki stendi, watu wote wanamjua. Nikamwambia, "Nakuja na besi. Utaimba." Sikumuuliza, nilimwambia. Nikasikia mafuta yanachachatika upande wa pili. Akasema, "Nitakuja kukuona." Nilishika hilo la kuja. Usingizi ukapotea. Nilifua gauni ambalo lilikuwa halina uchafu. Nilitaka kitu kimoja tu kwenye uzee huu, nimzungukie mara moja tena, aingie.

Harusi ilikuwa mchana, chini ya turubai. Nilimwona akiingia, ushungi wa kijani, amekonda, akakaa nyuma na akina mama wa samaki. Tulipofika kwenye ule wimbo wetu, wa mtu anayeuliza barua zake zinaishia wapi, nilimtazama. Nikaanza kuzunguka. Mwimbaji wetu akanielewa, akanyoosha maiki kule nyuma. Watu wakageuka. Akina mama wakamsukuma begani.

Alitikisa kichwa. Alitikisa mkono pia, hivi, kama anafukuza inzi.

Nikaendelea kuzunguka. Mwalimu akaniangalia. Mshereheshaji akaja sikioni, "Bibi, mbele, keki inayeyuka." Mwimbaji wetu akaingia kuokoa jahazi, na wimbo ukaisha salama, watu wakapiga makofi.

Nilimfuata nje tulipopumzika. Tulisalimiana, tukashikana mikono, hatukuachiana upesi.

"Mbona umenitia aibu?" nikamuuliza.

"Mmepandisha," akasema. "Huko sifiki, mwenzangu. Huko si kwetu. Na koo lenyewe hili limeliwa na moshi."

"Nitawaambia washushe."

"Usiwaharibie watu harusi. Kesho pitia stendi kabla ya basi, nikupe samaki."

Nilikwenda mapema na gitaa langu mgongoni. Kwenye kibanda chake kulikuwa na benchi refu la wateja, mbao imekauka vizuri, imeng'arishwa na makalio ya watu. Nililitazama. Naye akanitazama ninavyolitazama.

"Bebe," akasema, "usianze."

Nilikaa mwisho wa benchi nikalegeza nyuzi. Sikuhitaji mtu wa kunionyesha wapi. Nililegeza mpaka pale betri zetu zilipokuwa zinachokea. Nikagandamiza kichwa cha gitaa kwenye mbao, nikaanza mwanzo wa wimbo. Benchi likanguruma. Mpiga debe mmoja aliyekuwa ameegemea akaruka, akasema, "Mama, hili benchi lina jini!"

Shoga yangu akafuta mikono, akaja akakaa upande wa pili.

Nilizunguka. Alifumba macho. Nilimwona mguu wake unagusa chini pale pale ulipokuwa ukigusa zamani. Nilizunguka tena. Mdomo ukafunguka, ukafungwa. Basi letu likawasha injini. Mwalimu akaniita kutoka mlangoni, "Bibi, tunaondoka!" Nilizunguka. Nilikuwa nasema moyoni, ingia, ingia basi, na katika maisha yangu yote sikuwahi kumwambia hivyo, hata moyoni.

Akaja mteja. Mwanamume na mtoto, wanataka sato wawili, wa moto. Shoga yangu akainuka.

Nikajua imekwisha. Ila vidole havikusimama. Nikaendelea kupiga, mbao ikanguruma chini yangu peke yangu, yeye amenipa mgongo, anageuza samaki kwenye mafuta.

Na hapo, akiwa amenipa mgongo, akaingia.

Aliimba kama anayesema na samaki. Sauti ilikuwa imekwaruzika, nyembamba pembeni, lakini ilikuwa pale pale, chini kule kwetu, haikupotea hata unywele. Hakuwa amekalia benchi. Hakuwa anaisikia nyongani. Nilidhani miaka yote ile mimi ndiye ninayemwonyesha pa kukanyaga, kumbe alikwishapajua, alihama napo kwenda Chato, akakaa napo kwenye moshi bila mimi. Mimi ndiye niliyepaacha. Nilipokaza zile nyuzi nilipaacha.

Aliimba ubeti mmoja. Akafunga samaki wa mteja kwenye gazeti. Dereva akapiga honi ndefu, yule mpiga debe akanibebea gitaa hata mfuko haujafungwa.

Dirishani alinipa samaki wangu, wa moto mpaka nikabadilisha mkono.

"Usipandishe tena," akasema.

"Nimesikia."

"Na vaa sweta, dirisha hilo halifungi."

Basi likatoka. Sikumpungia, mikono ilikuwa na samaki.

Tuliporudi nilimwambia mwalimu kwamba wimbo ule sasa tutaupiga chini. Akapima kwenye kinanda, akasema, "Bibi, huko chini hatuna anayeweza kuimba."

"Yupo," nikamwambia.

"Yuko wapi?"

Nikafunga zipu ya mfuko wa gitaa.

Basi sasa tunaupiga chini bila mwimbaji, wakati watu wanakula. Wenyewe wanadhani ni muziki wa kuteremshia pilau, wanatafuna kwa kuufuata. Tukifika mwanzoni mwa ubeti wenzangu wananitazama, nami nazunguka. Mwalimu alikuwa anataka kunikatisha zamani. Siku hizi anaacha, anagandamiza noti moja ya kinanda kwa mkono wa kushoto, ananingoja.