Amplifaya ya Mzee na Kapasita Mbili

Juzi kwa fundi redio hapa Morogoro niliwakuta mzee na mkewe, wameteremka kutoka Matombo na amplifaya iliyofungwa kwenye khanga. Mzee aliiunga mwenyewe: alinunua bodi ya bei rahisi, akaipachika ndani ya kopo la biskuti.

"Inapiga vizuri," alisema, "ila inavuma kama mzinga wa nyuki."

Fundi akaifungua. "Bodi ni nzima, mzee. Kapasita ndizo ndogo, umeme hauchujwi vizuri." Akang'oa mbili, akachomelea kubwa zaidi.

"Tuijaribu na nini?"

Mzee akatoa memori kadi. "Kwaya yetu. Mimi naimba besi. Huyu mama anadai siku ya kurekodi niliingia kabla ya wenzangu. Mwaka wa tatu huu ananisema. Leo atasikia mwenyewe."

Mama alipakata kikapu chake cha mdalasini, macho kwenye spika.

Fundi akawasha. Mvumo haupo! Sauti za kina mama zikapanda, safi kabisa, kisha zikanyamaza kupisha besi. Sauti moja nene ikatangulia peke yake, ikashtuka, ikasubiri wenzake.

Mama akainua kidole kimoja, basi.

Mzee akavua kofia, akajikuna kichwa. "Fundi, zile kapasita za zamani umeshazitupa?"

Tulicheka wote, yeye kutushinda.

Amplifaya yangu nayo inavuma. Nilitaka kuipeleka Jumamosi, lakini acha kwanza nikumbuke nimewahi kubishana nini na mama watoto.