Mkwe Aliyeinamia Mnyororo

Mayala ana ugonjwa mmoja ambao sisi tunaoendesha naye baiskeli kila Alhamisi jioni tunaujua: anapenda kusifia ukweni. Ukitaja ng'ombe tu, anadakia kwamba baba mkwe wake ana zizi kubwa kule Magu. Tulimwamini. Kijana wa ofisi ya bima, miwani ya baiskeli ya rangi ya chungwa, nani angebisha?

Zizi halipo. Mzee Shimba, babake Suzana, mkewe Mayala, alikuwa fundi kwenye kinu cha kuchambulia pamba Igogo hadi kilipofungwa. Siku hizi anabeba mapanki, ile mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki viwandani minofu ikishatolewa. Anayafunga kwenye keria ya baiskeli yake ya Foniksi na kuwapelekea akina mama wakaangaji wa Mkuyuni. Harufu humtangulia, ni kweli, lakini ndiyo iliyomsomesha Suzana.

Wakati wa kuoa, mzee hakumsumbua Mayala. Alimwambia neno moja tu. "Ukinikuta njiani, ushuke kwenye baiskeli tusalimiane. Hiyo inanitosha." Kwao mkwe hapitwi ukiwa juu ya tandiko.

Alhamisi moja Krupa, dada mmoja wa kundi letu, ndiye aliyetuongoza. Babu yake alikuwa mfanyabiashara wa pamba, na ametafuta muda mrefu mtu aliyefanya kazi kwenye vile vinu amsimulie. Tulisimama mbele ya geti lenye kutu la kinu cha Igogo, yeye akituonyesha reli zilizomezwa na majani, ndipo mzee mmoja akatokea akisukuma Foniksi iliyojaa mapanki. Baadhi yetu waliziba pua. Tena bila hata kujificha.

Mayala alimwona. Akainama kwenye mnyororo wa baiskeli yake kana kwamba umekatika, helmeti na miwani vikiwa vimemfunika uso.

"Shikamoo mzee," Krupa alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, hukuwahi kufanya kazi humu ndani? Natafuta sana mtu wa kunisimulia."

Uso wa mzee ulichangamka, nikaona anataka kuegesha baiskeli. Kisha macho yake yakapita kwetu mmoja mmoja, yakafika kwa yule aliyeinamia mnyororo. Yakatulia pale kidogo.

"Hapana, mama," alisema. "Mimi mpita njia tu."

Akatoka barabarani, akasukuma mzigo wake pembeni kwenye mchanga, ili sisi tubaki na lami yetu. Krupa alimshukuru. Mayala hakunyanyua kichwa mpaka harufu ilipoisha.

Yaliyofuata amenisimulia Mayala mwenyewe juzi. Alifika nyumbani Mkuyuni akiwa amejiandaa kwa ugomvi. Alimkuta Suzana anacheka peke yake jikoni, sufuria ya vichwa vya sangara ikichemka.

"Baba kapita," Suzana alisema. "Kakuachia hivi, kachagua vile vikubwa. Anasema mmekutana Igogo na wenzako."

Mayala alishindwa hata kukaa.

"Anasema umeshuka kwenye baiskeli, ukamwamkia vizuri mbele ya watu wote. Kafurahi huyo. Mimi nilijua tu, mume wangu hawezi kunitia aibu."

Kama angetukanwa, aliniambia, angejibu kitu. Angesema hakumtambua, angesema giza lilikuwa limeingia. Lakini mzee alikuwa ameshamsemea uongo, tena mzuri kuliko wowote ambao yeye angeutunga, na mkewe alikuwa anampakulia chakula kwa ajili ya uongo huo.

"Kaniuliza pia huwa mnapita siku gani," Suzana aliendelea. "Nikamwambia Alhamisi. Basi anasema Alhamisi atakuwa anapitia njia ya mlimani, asije akawaziba barabara na mzigo wake."

Mayala anaijua njia ile. Sisi wenye baiskeli za gia huwa tunashuka tukazisukuma, tukihema, bila mzigo wowote.

"Mbona umesimama?" Suzana alimuuliza akiweka sahani mezani. "Vua hiyo helmeti basi, ule."