Kinu cha Ng'ambo ya Korongo

Jirani yangu wa ng'ambo ya korongo nilimfuta mwenyewe katika daftari la Krismasi, kwa kalamu nyekundu, kwa sababu kila alasiri nilisikia kinu chake kikilia. Sikuona haja ya kwenda kuuliza. Mtu anayetwanga ana cha kutwanga, na mwenye cha kutwanga hahitaji mfuko wetu. Ndivyo nilivyowaambia akina mama wa kikundi, nao wakaitikia kwa vichwa, maana mimi ndiye katibu na jambo nikilisema hulisema kama mtu aliyeliona kwa macho.

Huku Kalama mashine ya kukoboa iko sokoni, na miezi mingi ya mwaka vinu vyetu hulala nyuma ya jikoni, kuku wakitagia humo. Ikifika Desemba huamka. Watoto wanarudi kutoka Nairobi na Mombasa, na kila mmoja anataka muthokoi wa kinu, yale mahindi yaliyokobolewa kwa mchi na kupikwa na mbaazi, eti wa mashine hauna ladha. Basi tunatwanga. Ukikaa nje saa kumi unaweza kujua kwa masikio tu ni nyumba gani ina chakula. Mimi nilijivunia masikio yangu.

Kikundi chetu kina akina mama kumi na tisa. Kila Desemba kila mmoja huleta makopo mawili ya gorogoro ya mahindi na moja la maharagwe, na wenye watoto wakarimu huongeza mafuta na sukari. Tunafunga mifuko, tunawagawia waliopungukiwa, kwa kuwa mvua za Novemba hujaza shamba majani lakini hazijazi ghala. Nilikuwa karani wa shule ya msingi miaka ishirini na sita, kwa hiyo kazi ya kuandika iliniangukia. Daftari langu lilikuwa na safu tatu: namba, jina, na sababu. Ile safu ya sababu niliibuni mimi mwenyewe, na niliipenda kuliko zote.

Alhamisi moja kabla ya Krismasi nilishuka korongo kwenda kwa huyo jirani kuazima ungo, wangu ulikuwa umetafunwa na panya. Yeye ni mjane aliyepita miaka sabini na anaishi peke yake. Namwita Mwaitu, kama tunavyowaita akina mama waliotutangulia. Nilipita njia ya nyuma, ile ya majirani, nikamkuta amenipa mgongo, anatwanga. Nilianza utani nikiwa bado mbali.

"Mwaitu, unapikia lokesheni nzima na hata hujatuita?"

Aligeuka kwa haraka, na badala ya kucheka akaweka kiganja juu ya mdomo wa kinu. Hapo ningejiuliza, lakini nilikuwa nafurahia utani wangu. Kwetu, mwanamke akimkuta mwenzake anatwanga hutia mkono kinuni, akachota kidogo, akatazama kama maganda yametoka. Ni salamu kama salamu nyingine. Nikapenyeza mkono kando ya wake, nikachota.

Nilitoa vumbi.

Yalikuwa makapi, yamepondwa hadi yakawa laini kama majivu. Nilitia mkono mara ya pili, nikakwangua mpaka vidole vikagusa mti wa kinu. Hapakuwa na punje hata moja. Nikakaa kwenye kigoda chake bila kukaribishwa.

"Hii ni nini, Mwaitu?"

"Ni makapi ya mwaka jana," alisema. "Nanyunyizia maji kidogo. Kinu ikiwa tupu inalia vibaya, mtu anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi uanze."

Nilitazama jikoni. Juu ya mafiga palikuwa na sufuria moja, na ndani yake majani ya kunde yaliyochemshwa kwa chumvi. Hakukuwa na kitu kingine. Mikono yake ilikuwa imekonda, mishipa imesimama juu, na mchi ule ni mzito hata kwangu. Nguvu ya kuuinua kila siku aliitoa wapi? Hofu ilinishika, na mimi nikiogopa hukasirika.

"Lakini huu ni wazimu!" nilimwambia, mtu wa umri wa mama yangu. "Niko hapa juu tu, unanificha njaa? Si ungeniambia nikuandike!"

"Ndiyo sababu natwanga," akasema. "Ndio usiniandike."

Alichukua kitambaa, akafuta mchi taratibu, akausimamisha ukutani. Kisha akasema maneno ambayo nilichelewa kuyatambua, kwa vile aliyasema kwa sauti yangu, vile ninavyokata maneno nikisoma.

"Namba saba. Mjane. Ana kijana mwenye kazi, lakini amemtupa."

Yalikuwa maneno ya safu yangu ya sababu, mwandiko wangu mtupu. Desemba iliyotangulia, kwenye uwanja wa kanisa, niliwapanga mstari wote waliokuwa daftarini nikawasomea kama nilivyozoea kusoma rejista, safu zote tatu, hatua moja mbele kwa kila jina. Nilipofika namba saba mama mmoja alisonya, akasema watoto wa siku hizi ni mawe. Nakumbuka niliinua sauti zaidi, ili wa nyuma wasikie.

"Wa nyuma walisikia," Mwaitu akasema. "Kijana wangu alikuwa nyuma."

Aliniambia mwenyewe, bila kupandisha sauti. Kijana alikuwa kwenye mjengo huko Kinanie, na kontrakta alikuwa amewakalisha miezi mitatu bila kitu. Siku alipopata alinunua alichoweza akaja moja kwa moja. Hakumkuta mama nyumbani, akaambiwa yuko kanisani. Akasimama kwenye ua, karibu na lango.

"Nilimwona kutoka kwa mstari," alisema. "Niliinua mkono. Alikuwa ameshageuka."

Aliporudi nyumbani alikuta mfuko umeegemezwa mlangoni, una unga, sukari, na leso mpya bado iko ndani ya karatasi yake. Tangu siku ile simu ya kijana haiingii. Leso hajaivaa. Ilikuwa imelazwa juu ya kabati, na nyuzi zilizofunga karatasi hazijafunguliwa, kwa sababu, alivyosema yeye, leso mtu hupewa mkono kwa mkono.

Nilikuwa nimemwona kijana huyo. Wakati nasoma niliinua macho nikaona mtu langoni ana mfuko, na nilichowaza ni kwamba huyu naye amechelewa, anatafuta cha bure. Watu husema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza cha mtu mwingine, mimi nikaenda nyumbani nikalala vizuri mwaka mzima.

"Nitakuletea chakula," nilisema. "Hakuna atakayejua."

"Usilete. Ukiingia hapa na huo mfuko, kijana wangu ataambiwa tena mama yake analishwa na kanisa."

"Sasa nifanye nini, Mwaitu?"

"Ulisema mbele ya watu," akajibu, akaninyooshea ungo niliokuwa nimekuja kuufuata.

Nikipanda korongo nilisikia vinu vinne kwenye miteremko, na sikujua kilichokuwa ndani ya hata kimoja. Nilipofika nyumbani nilitoa makasi nikaikata safu ya sababu, ukurasa baada ya ukurasa. Mume wangu aliniuliza kama nimepatwa na kitu. Nikamwambia ndiyo.

Jumapili kanisani, wakati wa matangazo, nilitoka nikawaomba watu wanifuate uwanjani, nikasimama palepale nilipokuwa nimesimama. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, lakini niliikunja nikaitia mfukoni. Nikasema tu.

"Mwaka jana nilisoma hapa kwamba kijana wa jirani yangu amemtupa mama yake. Sikuwa nimemuuliza mtu. Wakati nasoma, alikuwa amesimama pale langoni na chakula cha mama yake mkononi. Niliwadanganya, na nilimfukuza mtoto wa mtu wakati wa sikukuu."

Nilitazama nyuso nikaona walivyoshtuka, na yule mama aliyesonya mwaka jana alifunika mdomo kwa mtandio. Mwenyekiti wetu alininong'oneza kwamba nimeaibisha kikundi. Nilimwambia ni kweli, kilikuwa na katibu wa aibu. Kisha nikaomba yeyote anayefahamiana na watu wa mjengo wa Kinanie, au wanaouza barabarani Kyumbi, wanakopita wa kwenda huko, amfikishie habari kwamba maneno yale yamerudishwa. Vijana wawili walitoa simu wakaanza kuandika. Mwaitu alikuwa amesimama nyuma ya wote. Alitazama mikono yake wakati wote, na ibada ilipokwisha akaondoka bila kuniaga.

Mkesha wa Krismasi, mchana, nilijitwika debe la mahindi kutoka ghala langu, nikachukua na mchi wangu, nikashuka tena.

"Mwaitu, kinu changu kimepasuka," nilisema. "Naomba kutwangia hapa."

"Kinu yako nimeisikia jana."

"Imepasuka leo asubuhi."

Aliniangalia sana. Yeye anajua kama ninavyojua kwamba ukitwangia kwenye kinu cha mtu, fungu la mwenye kinu hubaki pale, na hakuna anayeliita msaada. Akainamisha kinu, akawamwagia kuku yale makapi. Wakachakura, wakaondoka. Nikamimina mahindi, akanyunyiza maji, tukasimama yeye upande huu na mimi upande ule, tukaanza kupokezana, mchi wake ukishuka wangu ukipanda. Sauti ilikuwa nzito, ya kushiba. Nilishangaa nilivyoweza kusikiliza ile ya makapi siku zote zile nikadhani ni hii.

Tulikoboa duru ya kwanza, akapepeta. Nilimwona akitia punje tatu mbichi mdomoni akidhani sitazami, nikatazama kuku.

Duru ya pili ilikuwa katikati aliposhika mchi wangu ukiwa hewani. Alikuwa amegeuzia uso njia inayoshuka kutoka barabarani, ile ambayo kijana wake angepita. Nami nikasikiliza. Kulikuwa na hatua za mtu, anakuja bila haraka. Zikafika penye njia panda, nyuma ya miti ambako hatukuweza kuona, zikasimama.

Nilitaka kukimbia nikamtazame ni nani. Mwaitu alinishika kwa macho tu.

"Twanga," akaniambia. "Twanga kwa nguvu, asikie kuna chakula."

Nikainua mchi nikatwanga, naye akatwanga, wala hatukuthubutu kusimama ili kusikiliza kama hatua zile zinakuja au zinakwenda.