Daktari wa Usingizi

Mtaani walimwita Daktari wa Usingizi kwa sababu kazi yake ilikuwa kulaza taa: zile ndogo za dashibodi, nyekundu na za manjano, zinazowaka gari linapoumwa. Mtu alikuja mbio, ana mnunuzi anayemsubiri. "Daktari, hii inanitia aibu. Ilaze." Daktari hakuuliza gari linaumwa nini. Aliuliza ni taa ipi.

Mafundi wengine walikata waya, kazi ya watu wenye haraka. Yeye alifungua dashibodi, akakata kiduara cha utepe mweusi kwa kitoboleo cha fundi viatu, akakibandika nyuma ya alama. Miaka ishirini na mbili, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Hilo alilihesabu kuwa sifa.

Jumamosi moja asubuhi binti yake, muuguzi, alisimamisha gari mbele ya karakana. Lilikuwa kuukuu ila limeoshwa, na alikuwa nalo tangu juzi. Nyuma alikaa mjukuu, katikati ya mabegi. Walipita kuaga tu. Muuguzi alihamishiwa zahanati ya ng'ambo ya mlima, na barabara ya huko ilishuka kama ngazi.

"Baba, njoo ushuhudie. Dashibodi safi kama sahani."

"Nipe ufunguo."

"Haya, mkaguzi mkuu. Kwako hakuna gari zima."

Akafungua swichi bila kuwasha injini. Gari zima hapo huwasha taa zake zote kwanza, kama wanafunzi wanaoitikia majina. Betri iliitika. Oili iliitika. Injini iliitika. Akavuta breki ya mkono. Taa ya breki ilinyamaza.

"Mbona umenuna?" binti akauliza.

Daktari alifungua dashibodi, na nyuma ya alama ya breki akakuta kiduara cheusi chenye kingo laini. Gari hakulikumbuka. Magari hakuyakumbuka kamwe. Lakini ule mkono aliutambua, kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Akakibandua, na taa ikawaka nyekundu. Akashusha breki ya mkono, taa haikuzimika. Chini ya boneti, kichupa cha mafuta ya breki kilikuwa kikavu karibu chote, na gurudumu moja la nyuma lilikuwa limelowa kwa ndani.

"Baba! Nimekuletea gari halina taa, umenitia taa!"

"Breki zinavuja. Kona ya tatu usingeimaliza."

Binti alimtazama mtoto, kisha gurudumu. "Ni mshenzi gani aliyeziba?"

Angeweza kusema mafundi ni wengi mjini. Ilikuwa kweli.

"Mimi."

Mjukuu akauliza kama wamefika.

"Bado, mwanangu," mama yake akamjibu. Kisha, kwa sauti anayotumia kuwauliza wagonjwa, "Mangapi mengine, Baba?"

Akafikiri, akamtajia idadi. Binti akairudia polepole, kama anayesoma kipimo cha homa, akafungua mlango wa nyuma na kumtoa mtoto.

"Sisi tunapanda basi. Hili utanipigia simu likiwa na breki."

"Mabegi nikusaidie?"

"Acha. Wewe una kazi."

Wakaondoka, mtoto akipunga mkono. Daktari akaenda kutafuta jeki.