Uji wa Asali wa Tura

Siku yangu ya kwanza kazini kama dresa, yaani msaidizi wa tabibu, katika wodi ya upasuaji Tabora, Uhuru ukiwa bado mbichi, nilimpelekea uji mgonjwa aliyekatwa sehemu kubwa ya tumbo kwa sababu ya vidonda. Bakuli lilijaa. Sista wa wodi akaninyang'anya.

"Dresa, unalisha mtu au unajaza debe? Tumbo lake sasa ni kama ngumi. Kidogo, halafu baadaye kidogo tena!"

Wagonjwa wale walikonda sana. Tuliwapima kwa mizani, kisha tukazungusha utepe wa kupimia mkononi, maana mizani haisemi kama kilichopotea ni mafuta au msuli. Mafuta yakipungua, si neno. Lakini asiyepata maharage, karanga au nyama, mwili wake hugeuka ukala msuli wenyewe.

Miguu yangu haikutulia mjini. Nikaomba uhamisho, nikapewa zahanati ya Tura, wakati watu wanahamia vijiji vya ujamaa. Huko nilimkuta Mihayo, mrina asali aliyekatwa tumbo Tabora. Kila akinywa uji wa mkewe Kalunde, alitoka jasho, akatetemeka, moyo ukamwenda mbio. Siku niliyofika kwao, Kalunde alikuwa amekwisha kufunga mzigo.

"Anamlisha mwanangu sumu," mama mkwe aliniambia. "Arudi kwao leo."

"Mama, shikamoo. Uji unatiwa nini?"

"Marahaba. Asali, tena nyingi! Mtu dhaifu anapewa nini kingine Unyamwezi hii?"

Nikaelewa. Daktari wa upasuaji kule Tabora alikuwa ametufundisha: kitu kitamu kikishuka haraka kutoka tumbo dogo, utumbo huvuta maji mengi kutoka mwilini, mtu akalegea. Nikaeleza. Mama akacheka kwa dharau. "Asali imgeuke mrina asali?"

Mihayo akainuka. "Mama, pika wewe. Kalunde asiguse hata kuni. Bora nitetemeke mara moja zaidi kuliko mama wa wanangu aondoke."

Mama akapika. Mwanawe akanywa, nasi tukakaa kumtazama. Jasho likamtoka vilevile, mbele ya aliyempikia. Mama akangoja hadi mwanawe alipotulia. Kisha akaenda mwenyewe kuufungua mzigo wa Kalunde.

Kuanzia hapo Mihayo aliacha uji wa asali, akawa anakula kidogo kidogo: maharage kwanza, karanga, kuku akipatikana, na maji baadaye. Hakunenepa tena, lakini utepe wangu ulianza kuonyesha mkono unajaa. Msimu wa asali uliofuata nilimwona juu ya mti wa mninga, anatundika mzinga, na mama yake chini anamfokea ateremke ale.

Nimezunguka vituo vingi vya reli hii ya kati, na sasa nimeacha kazi mapema kwa sababu ya mgongo. Ninyi vijana wa hospitali mna vipimo ambavyo sisi hatukuviota. Sawa. Mimi nina kibuyu cha asali kinachofika kwa treni kila msimu kutoka Tura, na salamu ya Kalunde haibadiliki: "Mwambieni Dresa asile yote kwa mara moja."