Vumbi la Uwanja wa Jirani

Ilianza Jumanne, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Nilikuwa napiga pasi sketi ya shule niliposikia mama jirani anapiga yowe. Nilipofika nilimkuta bibi, mama yake baba, amesimama uwanjani kwao na ufagio, vumbi amelifunga kwenye pindo la kanga.

"Jana mwanangu kashikwa na degedege, leo huyu anachota vumbi la mlangoni kwangu!"

Mume wa mama jirani alitoka. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

"Binti, leo nimenyamaza. Kesho nikimkuta tena hapa, msinilaumu."

Huku kwetu hakuna asiyeelewa maneno hayo. Bibi amepikia kinyesi cha ng'ombe miaka yote, moshi umeyafanya macho yake mekundu, na macho mekundu watu huyaita ya mchawi. Upande wa Ngulyati kikongwe mwenye macho kama hayo alikatwa mapanga, na aliyeuliza kwa nini hakujibiwa.

Njiani kurudi kwetu nikamuuliza bibi, "Mayu, ulifuata nini kule?"

"Kwa mama mkwe. Bi harusi halali mpaka jua litoke, ng'wana wane, mwanangu. Anafagia, vumbi anapeleka shambani."

Ni kweli boma la mama mkwe wake lilikuwa pale pale, kabla jirani hajajenga. Nikakumbuka mwezi mzima amekuwa akiniita kwa jina la dada yake aliyekufa, na chumvi anaitia kwenye chai. Nilikuwa nacheka. Najuta.

Baba alikuwa Kasoli na pamba yetu, akingoja magari ya wanunuzi binafsi, na hangerudi mpaka Jumamosi. Mama akasema tumpeleke bibi hospitali. Daktari alimpima presha, akachukua damu aone kama ni malaria au upungufu wa damu. Kisha akamuuliza maswali.

"Bibi, huu mwaka gani?"

"Mwaka wa njaa."

"Na pamba anauziwa nani?"

"Ushirika. Kwani kuna mwingine?"

Daktari akacheka. "Siku hizi wanunuzi ni wengi mpaka mimi nachanganyikiwa." Halafu akaacha kucheka. Damu ilikuwa safi, presha ilikuwa juu. Alisema ubongo wa bibi unakufa kidogo kidogo, nayo presha huenda inachangia. Si uchawi, wala si uzee tu, maana wazee wengi hawaupati ugonjwa huo. Dawa ya presha ipo, ya kurudisha kumbukumbu hakuna. Tusibishane naye, kazi zake zifuate saa zile zile, asitoke peke yake.

"Akitaka kufagia je?" niliuliza. Ndilo neno pekee nililosema mbele ya daktari.

"Fagia naye."

Jioni mama alisema tumsubiri baba azungumze na jirani. Jumamosi ilikuwa mbali mno. Nililala nimefunga kanga yangu na ya bibi fundo moja.

Jumatano fundo likavutika kabla jua halijatoka. Sikumzuia. Nilichukua ufagio wa pili, nikamshika mkono, na mbele ya mlango wa jirani nikaita "Mwangaluka!", salamu yetu ya asubuhi, kwa sauti ambayo darasani sijawahi kuitoa. Wakatoka wote wawili. Niliwaeleza alivyosema daktari, neno kwa neno. Basi nikafagia na bibi uwanja mzima, na alipoinama kufunga vumbi nikamfungua pindo taratibu. Lote nililirundika pale katikati, wanaona, nikakung'uta kanga yake, kisha yangu, wajue hatuondoki na vumbi lao.